Punje Tano za Njegere

Ivermektini niliijua kwanza kwa fimbo. Kwetu Mahenge, mgawa dawa wa kijiji alifika na kopo la vidonge, daftari, na mti ulionyooka uliochorwa alama za rangi kuanzia chini hadi juu. Hakukuwa na mizani. Unasimama wima, visigino pamoja, kichwa sawa, anasoma alama uliyofikia. Kuanzia sentimita 90 kidonge kimoja, 120 viwili, 141 vitatu, 159 kwenda juu vinne. Mtoto asiyefikia alama ya kwanza alirudishwa kwa mama yake hata akilia kwamba wenzake wamepewa. Mjamzito alirudishwa, na mgonjwa wa kulala kitandani alirukwa. Vidonge vilimezwa pale pale, mgawaji akikutazama kooni, kisha jina lako likatiwa alama daftarini.

Ilikuwa dawa ya usubi. Wale inzi wadogo weusi wa mito yenye maji ya kasi humwachia mtu vijiminyoo vinavyotembea chini ya ngozi, vikamwasha usiku kucha, vikamchakaza ngozi na mwishowe vikamfikia machoni. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ilitangaza kuitoa dawa hiyo bure, kiasi chochote kitakachohitajika, kwa muda wowote utakaohitajika. Asili yake ni kiumbe kidogo mno kilichopatikana kwenye udongo wa Japani na Satoshi Ōmura. William Campbell na wenzake wakaifuatilia maabarani huko Marekani. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisi watoto hatukuyajua hayo. Tulichojua ni kwamba ukishameza, kesho yake huenda ukawashwa zaidi kuliko jana, na wazee wakasema ndiyo inafanya kazi, vijidudu vinakufa.

Ndiyo maana nilisimama kidogo bafuni, miaka mingi baadaye, katika nyumba moja mjini Dundee, Scotland, nikiwa nimeshika tyubu nyeupe na kusoma jina lile lile. Ivermektini, asilimia 1, krimu. Paka usoni mara moja kwa siku.

Nilikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Unapewa orodha ya nyumba, unakwenda asubuhi na jioni, unamsaidia mtu kuoga, kuvaa, kula na kutumia dawa zake. Mwenye tyubu ile alikuwa mwalimu mstaafu, mjane aliyevuka miaka themanini, mzee wa kanisa kwa cheo na kwa tabia. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza kama ilivyo desturi ya huko. Mimi nilimwita Bibi, naye akaitika.

Uso wa Bibi ulikuwa mwekundu katikati: pua, mashavu, kidevu na kipande cha paji. Ukimsogelea uliona vimishipa vyembamba vimejichora juu ya ngozi, na vipele vichache vyenye usaha ambavyo mtu angeviita chunusi, ila chunusi za mwanamke wa miaka themanini zinatoka wapi? Macho yalimchoma akiamka. Ugonjwa wenyewe ni rosasea. Hauambukizi, hauui, na hauna dawa ya kuumaliza kabisa, unatulizwa. Unawapata zaidi watu weupe wa kaskazini mwa Ulaya, ingawa si wao peke yao, na hilo nitalifikia.

Kilichomuumiza Bibi zaidi hakikuwa kuungua kwa ngozi. Kwao, mwenye pua nyekundu na mashavu mekundu ni mlevi, na hukumu hutolewa kabla ya mtu kunusa. Huyu hakuwahi kuonja pombe maishani. Aliniambia kwamba dukani, akichukua chupa ya siki ya kupikia, huigeuza ile karatasi yake ielekee kwa muuzaji, isije ikadhaniwa kitu kingine.

Alipewa dawa mbili za kupaka, na zina kazi tofauti. Krimu ya ivermektini ilikuwa ya usiku, kwa ajili ya vipele. Kwenye vinyweleo vya uso wa kila mtu mzima, mimi na wewe tukiwemo, wanaishi wadudu wasioonekana kwa macho wanaoitwa demodeksi. Wenye rosasea mara nyingi huwa nao wengi kuliko kawaida. Dawa inawapunguza, na papo hapo inatuliza uvimbe wa ngozi. Ile ya pili ilikuwa jeli ya brimonidini, na hiyo ndiyo ya wekundu wenyewe. Haiponyi chochote. Inabana vimishipa vya damu vilivyo karibu na ngozi kama unavyobana mpira wa maji kwa vidole. Mpira ukibanwa maji hupungua, ukiuachia yanarudi. Ndani ya nusu saa uso huanza kupoa rangi, nafuu inafikia kilele baada ya muda wa saa 3 hadi 6, na zikipita saa 12 hivi uso umerudi ulikokuwa.

Nawaelezea watu tofauti hii mara kwa mara, kwa sababu wengi wakisikia krimu ya wekundu wa uso hudhani ni kitu kimoja kinachofanya yote. Mtu anapaka jeli mwezi mzima akingoja apone. Hatapona, kwa sababu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwingine anapaka krimu ya vipele siku nne, anaona wekundu uko pale pale, anaitupa, kumbe ile inadai wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kitu. Daktari wa Bibi alisema krimu itumike mfululizo hadi miezi 4, na ikifika mwezi wa 3 bila nafuu yoyote isimamishwe.

Sasa kipimo. Karatasi ya ndani ya boksi inasema punje ya njegere kwa kila sehemu: paji, pua, kidevu, shavu hili na shavu lile. Punje tano, si zaidi. Njegere moja usoni mwa mtu inaonekana haba mno, na mkono unatamani kuongeza. Kwetu krimu ni kitu cha kupaka mpaka ngozi ing'ae. Mama akimaliza kumpaka mtoto, jua linapiga kwenye goti. Hapa unaweka kitone, unakisambaza kwa kidole mpaka kipotee, unasogea sehemu nyingine. Unakaa mbali na kope, midomo na tundu za pua. Ngozi ikiwa na kidonda au mchubuko, jeli haipakwi kabisa, kwa sababu kwenye ngozi iliyochanika dawa hupenya moja kwa moja kwenda kwenye damu. Unaacha ikauke, ndipo poda au mafuta ya kuzuia jua yafuate. Kisha unanawa mikono, hata kama ulivaa glavu.

Na unaandika. Tulikuwa na karatasi maalumu ya dawa za kupaka, yenye mchoro wa mwili wa binadamu mbele na nyuma, na sehemu ya kupakwa imetiwa kivuli kwa kalamu. Unaandika tarehe tyubu ilipofunguliwa, kwani krimu ile ikishafunguliwa ina miezi 6 tu. Unaandika saa, unatia sahihi. Mwenzangu mmoja wa zamu, binti mwema na mchapakazi, aliandika vidonge vyote kwa uaminifu lakini karatasi ya krimu aliijaza mwisho wa wiki, yote kwa mkupuo, kwa wino mmoja. Nilipomuuliza akacheka. Aliona krimu si kitu cha kuwekewa hesabu. Sikumshangaa, watu wengi ninaowajua, wa Dundee na wa Mahenge, wangesema hivyo hivyo, na ninadhani madhara mengi ya dawa za kupaka yanaanzia kwenye wazo hilo.

Wiki ya kwanza ya ivermektini, vipele vya Bibi vilizidi. Akataka kuacha. Nikakumbuka miwasho ya kesho yake kule kijijini, nikampigia mfamasia, akathibitisha kwamba ugonjwa kuchachamaa kidogo katika siku za mwanzo ni jambo linalojulikana na kwa kawaida hupita. Tukaendelea. Kufikia wiki ya tano au ya sita hivi vipele vilikuwa vimekauka, na Bibi akaanza kujitazama kwenye kioo cha mlangoni bila kuzima taa.

Jeli ilikuwa na mambo yake. Daktari aliagiza tuanze na kiasi kidogo kuliko punje tano, kwa wiki moja, tuone ngozi inavyoipokea. Tahadhari hiyo ina sababu: mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, iliwaonya madaktari kwamba kwa wagonjwa wengine jeli ikiisha nguvu wekundu hurudi mkali kuliko ule wa kwanza, na mwaka 2017 ikaonya tena kuhusu mapigo ya moyo kushuka, presha kushuka na kizunguzungu, hasa ikipakwa kwenye ngozi iliyojeruhiwa. Onyo la pili linashangaza. Kitu kilichopakwa shavuni kinakwendaje kupunguza mapigo ya moyo? Lakini ngozi ni mlango kama mdomo ulivyo mlango, ila ni mzito zaidi kufunguka.

Kifuniko cha tyubu ile ya jeli ni cha kubonyeza huku unazungusha, ili mtoto asiweze. Vidole vya Bibi vilivyopinda kwa baridi yabisi navyo havikuweza, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kukiegesha tu baada ya mimi kukifungua, asubuhi inayofuata asisumbuke. Nilimsimulia habari iliyomo kwenye maelezo ya dawa yenyewe: wakati ilipokuwa ikifanyiwa majaribio, watoto wawili wadogo wa mshiriki mmoja waliimeza wakapata madhara makubwa. Vitukuu wake walikuwa wanakuja kila Jumamosi, na bafu lilikuwa kituo chao cha michezo. Hakujibu, ila tangu siku hiyo nilikuta tyubu imefungwa kwa nguvu na kupandishwa juu ya kabati la taulo, mahali ambapo yeye mwenyewe hafiki. Sijui nani alimpandishia.

Jumapili ya kwanza ya kipimo kamili, alikwenda kanisani na uso mweupe. Mweupe kweli, mpaka nilidhani anaumwa. Yeye alifurahi kupita kiasi. Alikaa safu ya mbele. Jioni nilipoingia kumwandalia chakula nilimkuta amejifunika kitambaa cha maji baridi. Mashavu yalikuwa mekundu hadi shingoni, yanawaka. Nikaandika kwenye karatasi saa, rangi na mahali palipoenea. Siku mbili baadaye aliinuka kitini akayumba, akashika meza.

Wiki hiyo hiyo alikuwa na miadi ya kupimwa presha. Muuguzi akamuuliza swali ambalo kila mgonjwa duniani ameulizwa: unatumia dawa gani? Bibi, kwa sauti ya darasani, akavitaja vidonge vyake kwa mpangilio, cha asubuhi, cha mchana, cha kulala. Akamaliza, akafunga mkoba. Nikamwomba ruhusa, nikaufungua, nikatoa tyubu mbili na kichupa cha matone ya macho, nikavipanga mezani.

Muuguzi alisoma, akasoma tena, akamwita mfamasia. Matone yale, ambayo Bibi aliyatumia kwa presha ya macho, yalikuwa na brimonidini. Jeli ya usoni ilikuwa na brimonidini. Na miongoni mwa vidonge mlikuwa na kile cha kupunguza kasi ya moyo. Kila kimoja kiliandikwa kwa sababu nzuri, na daktari wa macho na daktari wa ngozi hawakuwa na sababu ya kukutana. Mahali pekee ambapo dawa zote tatu zilikutana ni mwilini mwa Bibi, na yeye alipoulizwa alitaja zinazomezwa tu, kwa sababu zile nyingine hakuzihesabu kuwa dawa. Jeli ikasimamishwa siku hiyo hiyo mpaka daktari wa ngozi aamue. Mapigo yake yalipimwa, yalikuwa ya polepole lakini si ya kutisha.

Tangu hapo nikimsindikiza mtu yeyote kliniki nabeba kila kilichomo bafuni mwake: matone, marashi ya viungo, bandeji zenye dawa, hata krimu ya kulainisha ngozi isiyo na dawa yoyote. Hiyo nayo ina yake. Mwaka 2018 MHRA hiyo hiyo ilitahadharisha kwamba krimu za kulainisha, zenye mafuta ya parafini na hata zisizo nayo, zikinywewa na nguo na mashuka hukauka juu ya kitambaa na kukifanya kishike moto haraka mno. Bibi alikuwa na jiko la gesi la kuotea moto na shali ya sufi aliyojifunga mpaka masikioni. Tulianza kuifua mara kwa mara, na kiti chake nikakirudisha nyuma hatua mbili, akanuna.

Habari za krimu zilifika nyumbani, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kwangu. Mdogo wangu anapika kwenye mgahawa Mbagala, Dar es Salaam, jiko la mkaa asubuhi mpaka usiku. Akanitumia picha. Mashavu yake yalikuwa na rangi iliyoiva, baina ya kahawia na zambarau, na vipele vidogo vidogo kuzunguka pua na mdomo.

"Dada, nitumie na mimi hiyo krimu ya bibi yako. Uso unawaka, nikisimama jikoni ndiyo usiseme."

"Umekuwa ukipaka nini?"

"Kawaida tu. Krimu ya duka la dawa."

Kawaida tu! Nikamwambia achukue boksi anisomee. Akanisomea herufi kwa herufi, anakwama, anaendelea: betamethasoni, klotrimazoli, jentamaisini. Ya kwanza ni steroidi, ya pili ni ya fangasi, ya tatu inaua bakteria. Hana fangasi, hana bakteria. Alikuwa na weusi kidogo kwenye mashavu, muuzaji akampa hiyo, ikamng'arisha ndani ya wiki mbili, akaendelea nayo miezi na miezi. Kila alipoiacha siku tatu uso ulichachamaa, akairudia, ukatulia. Aliona hiyo ni dalili kwamba dawa inamfaa.

Kumbe steroidi ndiyo inayoleta yenyewe. Ikipakwa usoni kwa muda mrefu ngozi inakuwa nyembamba, vimishipa vinatanuka, vipele vinatoka, na mtu hawezi kuiacha bila kuungua. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani, James Leyden na Albert Kligman wakiwemo, waliieleza hali hiyo katika jarida la magonjwa ya ngozi wakaiita rosasea ya steroidi. Nusu karne imepita na krimu hizo bado zinauzwa mitaani kwetu bila cheti cha daktari, peke yake au ndani ya mkorogo. Mimi sina ugomvi na mwenye kutaka urembo. Uso ni wake. Ugomvi wangu ni na kaunta inayompa mtu dawa kali katika sura ya kipodozi, bila kumuuliza swali hata moja. Kisheria Tanzania dawa ziko chini ya mamlaka ya dawa, TMDA, na vipodozi, tangu 2019, viko chini ya shirika la viwango, TBS. Lakini juu ya meza ya kujipambia mpaka huo hauonekani.

Kuna jingine linalowaponza watu wa rangi yetu. Vitabu vingi vimeieleza rosasea kwa wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Unachokiona ni weusi ulioiva, au zambarau, au hakuna kitu. Unachokisikia ni joto, kuchomwachomwa, ngozi kukataa sabuni iliyoizoea. Mgonjwa anaambiwa ana chunusi, au mzio, anapewa steroidi, na duara linaanza. Tofauti moja inayosaidia ni kwamba chunusi za kawaida huja na vile vichwa vyeusi vya vinyweleo vilivyoziba, rosasea haina.

Nilikataa kumtumia krimu. Akakasirika, akasema nimekuwa Mzungu. Mjomba wetu anayefuga ng'ombe Malinyi akaingilia kati kwenye kundi la familia, kwa nia njema kabisa. "Hiyo ivermektini si ndiyo ile ya ng'ombe? Ninayo chupa nzima, tena asilimia 1 hiyo hiyo. Aje achukue."

Nilichukua muda kumjibu, kwa sababu kwa hesabu mjomba hakukosea. Sindano ya mifugo huwa na miligramu 10 kwa kila mililita, na krimu ya Bibi ina miligramu 10 kwa kila gramu. Asilimia ni ile ile. Lakini ya ng'ombe imeyeyushwa kwenye vimiminika vilivyochaguliwa kwa ajili ya kupenya chini ya ngozi ya mnyama wa kilo 300, si kukaa juu ya shavu la binadamu ambalo limeshafanywa jembamba na steroidi na lina vipele. Nikamwandikia: Shikamoo mjomba, dawa ni ileile, chombo ndicho kinachotofautiana, na shavu la huyu sasa hivi halina ukuta. Akajibu marahaba, na kwamba basi ataitunza kwa wenye mikia.

Mdogo wangu alikwenda kwa daktari wa ngozi mwezi uliofuata, baada ya siku mbili za kushindwa kulala. Nilimwambia abebe maboksi yote, akabeba mfuko mzima. Mtaalamu aliyemwona alisomea Moshi, kwenye kile chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC ambacho tangu 1992 kinafundisha madaktari na maofisa tabibu wa Afrika. Alimbonyeza shavu kwa kipande cha kioo, akatazama rangi inavyotoroka na kurudi. Akamwuliza kama ana mimba kabla ya kumwandikia vidonge vya doksisaiklini, akampa jeli ya metronidazoli, akamkataza ile krimu ya awali, na akamwonya waziwazi kwamba wiki chache zijazo zitakuwa mbaya kuliko zilizopita. Zilikuwa mbaya. Alinipigia usiku akilia, sura imevimba, wateja wanamwuliza kama ameungua mafuta. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia, kwamba aliambiwa itakuwa hivi. Mtu aliyeonywa huvumilia kuliko asiyeonywa, na nadhani ndilo jambo bora alilofanyiwa siku ile, kuliko hata vidonge.

Mengine yalikuwa madogo na yasiyouzwa dukani. Feni ndogo ikaelekezwa jikoni, kofia pana kwenye jua, sabuni ya kipande ikaachwa. Kwa Bibi ilikuwa chai. Alikuwa ameiacha kabisa kwa kuamini kahawa na chai vinamwasha uso, na alijitesa kwa maji ya vuguvugu kama mfungwa. Mwaka 1981 daktari Jonathan Wilkin aliwapima wenye rosasea akaona kinachowasha uso ni joto la kinywaji, si kile kilichomo ndani ya kahawa. Tukaijaribu: chai ile ile, maziwa yale yale, ila imekaa mezani mpaka kikombe kinashikika kwa viganja viwili. Uso haukubadilika. Alikunywa birika zima siku ile, na kunisimulia habari za marehemu mume wake ambazo sikuwa nimezisikia.

Daktari wa ngozi alipomwona tena alikubaliana na kuachwa kwa jeli moja kwa moja, kwa ajili ya moyo na macho. Krimu ya ivermektini ikamaliza miezi yake 4. Vipele havikurudi kwa muda mrefu. Wekundu ulibaki, umepungua kidogo. Bibi akarudi kanisani na uso wake, safu ya mbele ile ile.

Majira ya kiangazi binti yake alikuja kutoka London. Yeye naye alikuwa na mashavu ya mama yake, maana ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo. Alipokuwa akitafuta taulo aliiona tyubu ya jeli juu ya kabati, imebaki zaidi ya nusu, akaja nayo sebuleni. Ana harusi ya rafiki Jumamosi, akasema, apake mara moja tu kwa ajili ya picha.

Bibi aliweka kikombe chini. "Presha yako ilipimwa lini mara ya mwisho?"

Binti hakukumbuka.

"Vidonge vya huzuni ulivyoandikiwa baada ya talaka, bado unavimeza?"

Akanitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyemfundisha mama yake maswali hayo. Jumatatu yake tulikwenda duka la dawa pale kona, mimi na Bibi, yeye akiwa na fimbo yake na mimi na mfuko wa karatasi, tukamkabidhi mfamasia ile tyubu aiteketeze.